Mivuto Miwili

Dukani kwetu mteja akiagiza siagi ya karanga huulizwa kwanza: ya asubuhi au ya mchana? Ya asubuhi ni ya Mama. Ni laini kiasi kwamba ukishaipaka kwenye mkate huoni kisu kilipita wapi. Ya mchana ni ya Shangazi. Ina chenga, na ukiitafuna, watu wa meza ya jirani wanajua unakula nini. Mashine ni moja, karanga zimetoka gunia moja, chumvi ni ya pakiti moja. Kinachobadilika ni mwanamke aliyesimama nyuma ya mashine.

Shangazi ni dada yake baba. Baba alipofariki aliacha mashine na hakuacha maelezo, na hao mawifi wawili wakairithi pamoja, kama majirani wanavyorithi ukuta wa katikati. Mama akasema marehemu alipenda siagi laini. Shangazi akasema kaka yake hakupenda kitu laini hata kimoja tangu alipoota meno. Mazungumzo yao yakaishia hapo, na hawakuyarudia tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwandalia baba chai, na najua kwamba hakula siagi ya karanga kabisa. Alikula mkate mtupu. Alisema siagi anaiona vya kutosha kazini. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi si mtu wa kudandia mazungumzo ya wakubwa.

Basi wakagawana siku. Mama anasaga kuanzia asubuhi hadi jua linapokuwa utosini. Shangazi anaingia hapo na kusaga hadi jioni. Mimi nakaanga kutwa nzima kwenye jiko la nyuma, kwa hiyo mimi ndiye ninayewaona wote, na mimi ndiye niliyekuwa posta yao. Mama aliniambia nimwambie shangazi yangu kwamba mkanda umelegea. Shangazi, aliyekuwa amesimama karibu kiasi cha kuweza kumfunga Mama aproni, aliniambia nimwambie mama yangu kwamba ameuona. Nilifikisha salamu zote hizo bila kuongeza wala kupunguza. Siku nilizochoka nilinyanyua kichwa tu, nikawaacha wadhani nimesema.

Usidhani walikuwa wazembe. Katika kuitunza mashine hawakutofautiana hata kwa nukta. Wote wawili hawakukubali karanga iingie ikiwa ya moto, kwa sababu karanga ya moto hutoa mafuta kabla ya wakati wake na siagi hutoka inateleza kama maji ya kuoshea vyombo. Wote walichambua karanga kwa mkono baada yangu, ingawa nilikuwa nimeshachambua, wakitafuta vijiwe. Wote walijua kwamba mashine haiendeshwi tupu. Ndani yake kuna mawe mawili ya duara, moja limetulia na jingine linazunguka, na katikati yao lazima kuwe na karanga muda wote. Karanga zikikosekana, mawe huanza kusagana yenyewe. Jioni bakuli la juu lilifunguliwa, likafutwa kwa kitambaa kikavu, maana maji hayana kazi humo. Beringi ilitiwa grisi kila wiki. Mtu akikutana na mashine yetu asubuhi, angedhani imelala kwa mwanamke mmoja mwenye nidhamu.

Ugomvi ulikuwa kwenye pete.

Pete imeizunguka shingo ya mashine, chini kidogo ya bakuli. Ukiizungusha kulia, mawe yanasogeleana na siagi inakuwa laini. Ukiizungusha kushoto, yanaachana na chenga zinapita. Zamani pete ilikuwa na mpini wa kushikia na tarakimu za kuonyesha ilipofika. Mpini ulivunjika baba akiwa hai. Tarakimu zilipotea siku fundi wetu alipoipaka mashine yote rangi ya kijani, bure, bila kuombwa. Tangu hapo pete ikawa inazungushwa kwa kipande cha nondo kinachochomekwa kwenye matundu yake, na hakuna jicho lililoweza kuitazama na kujua ipo wapi.

Hilo halikuwasumbua. Kila asubuhi Mama alichomeka nondo upande wa ukutani, akaivuta hadi tumboni mwake mara mbili. Mivuto miwili kulia, siagi laini. Kila mchana Shangazi alichomeka nondo ileile, akaisukuma kutoka tumboni mwake hadi ukutani mara mbili. Mivuto miwili kushoto, chenga. Hawakuangalia. Hawakujaribu kwanza. Mama alijua pete ipo wapi kwa sababu alijua wifi yake ni mkaidi kiasi gani, na Shangazi alijua vivyo hivyo. Hakuna kipimo kilichokuwa imara kuliko hicho.

Fundi wetu watu humwita Taratibu. Si kwa sababu ni mpole. Ni kwa sababu ukimwita asubuhi kwa tatizo la mota, ataanza kwa kukunja mikono ya shati, na akimaliza mkono wa pili watu wengine wanaenda kula chakula cha mchana. Alikuwa anaitaka mashine yetu. Alikuwa na kuku wengi na aliona kwamba kwa marekebisho madogo ingeweza kuwasagia chakula. Hakuficha. Kila alipokuja kubadilisha mkanda aliipapasa mashine ubavuni, akasema, "Ikiwachosha mniambie."

Na ilikuwa imeanza kutuchosha. Maduka ya barabarani yaliacha kuchukua mzigo wetu, kwa sababu mtu alinunua kopo laini leo, kesho akapata lenye chenga, akalirudisha akidhani limeharibika. Tulibaki na majirani wanaojua kuuliza saa. Mama akaniambia nimwambie shangazi yangu kwamba mambo yakiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi, mashine iende kwa Taratibu. Shangazi akaniambia nimwambie mama yangu kwamba na yeye ameona hivyo. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu msiba. Mama angehamia kwa dada yake, Shangazi angehamia kwa mwanawe, na mimi ningebaki na karai na mwiko. Nilikaa nyuma ya jiko siku ile nikiitazama mashine ya kijani, nikaona kwamba ndicho kitu pekee kilichobaki kinachowalazimisha watu hao wawili kupita mlango mmoja.

Ndipo akaja Bi Skonzi.

Bi Skonzi anaoka mikate na skonzi, na alikuwa ameanza kutengeneza skonzi zilizojazwa siagi ya karanga katikati. Anazijaza kwa bomba lenye mdomo mwembamba: unachoma skonzi, unakandamiza, unachomoa. Aliingia wakati wa kupokezana, mawifi wote wakiwa dukani, mmoja akivua aproni na mwingine akiivaa. Akaweka makopo yetu mawili kaunteni.

Akasema hili la kwanza limepita vizuri kabisa. Hili la pili limeziba bomba lake, na amelizibua kwa sindano ya kushonea magunia mbele ya wafanyakazi wake. Akauliza la pili ni la nani.

"Langu," akasema Shangazi, kama mtu anayepokea zawadi jukwaani.

Mama akapangusa kopo lake kwa kitambaa. Kwa Mama, hiyo ilikuwa sherehe.

Bi Skonzi akaeleza shida yake bila kuzunguka. Alitaka ndoo moja kila siku. Hakutaka kujua ni asubuhi au mchana, ni ya wifi yupi au ya marehemu yupi. Alitaka ndoo ya leo ifanane na ya jana. Akasema Ijumaa atakuja na bomba lake, atalijaza siagi inayotoka mashineni palepale mbele ya macho yake, na bomba likiziba tutaachana kwa amani. Kisha akachukua kopo la Mama, akaliacha la Shangazi, akaondoka.

Siku hizo zilizobaki hakuna aliyeizungumzia Ijumaa. Mama aliendelea na mivuto yake ya kulia, Shangazi na yake ya kushoto. Alhamisi mchana Mama aliniambia nimwambie shangazi yangu kwamba kesho mashine itakuwa yake yeye Mama hadi yule mwokaji aondoke. Nilimwambia. Shangazi alikuwa anakwangua bakuli kwa mwiko. Akasema nimwambie amesikia. Jioni alibaki kufunga duka peke yake. Nilimwona kupitia mlango wa jikoni akiifuta mashine polepole, hata miguu yake, hata upande wa ukutani usioonwa na mtu. Nikadhani anaiaga. Nikamwacha.

Ijumaa Mama alifika amevaa kitambaa kipya cha kichwa. Akafunga aproni, akachukua nondo, akaichomeka, akavuta. Mvuto wa kwanza ulikwenda. Wa pili ulikuwa mgumu. Akasema chuma kimelala na baridi, akaweka mguu mmoja kwenye kitako cha mashine, akavuta kwa uzito wake wote hadi nondo ikafika tumboni. Akamimina karanga nilizompa, zilizopoa vizuri, zilizochambuliwa mara mbili. Akabonyeza swichi.

Kwanza mota iliguna bila kuzunguka. Kisha ikazunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya karanga. Ilikuwa kama mtu anaburuta sinia kwenye sakafu ya saruji, tena anaburuta kwa makusudi. Mkanda ukaanza kuteleza na kutoa moshi. Kwenye mfereji wa kutokea siagi ukatoka uzi mwembamba wa kijivu, ukifuatwa na harufu ambayo sijawahi kuisikia jikoni, harufu ya jiwe lililoungua. Mama akaizima. Karanga zikabaki juu kwenye bakuli vilevile alivyozimimina, zimetulia, kana kwamba hayo hayakuzihusu.

Shangazi alikuwa mlangoni. Shangazi hakuwahi kufika asubuhi. Alikuwa na kanga ya nyumbani na kandambili, na ilionekana wazi kwamba amekuja kuangalia kitu ambacho hakutaka aonekane akikiangalia.

"Umevuta mara ngapi?" akauliza.

Alimwuliza Mama. Si mimi. Niligeuka nitafute wa kufikishiwa ujumbe, nikakuta haupiti kwangu.

"Mara mbili," akasema Mama. "Kama kawaida."

"Mimi nilishavuta."

"Ulishavuta nini?"

"Pete. Jana jioni. Mara mbili kulia. Nilitaka uikute pale unapoitaka."

Mama aliitazama nondo iliyokuwa bado mkononi mwake. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko nondo inavyostahili.

"Miaka yote hii hujawahi kuvuta kulia," akasema.

"Sijawahi."

"Ukachagua jana."

"Jana ndiyo ilikuwa kabla ya leo, wifi. Ningechagua lini?"

"Ungeniambia."

"Ningeanzia wapi?" akasema Shangazi. Mimi nikaenda kumpigia simu Taratibu.

Nilimpigia nikijua ninampigia nani. Ni sawa na kumwita fisi aje ampime mbuzi joto. Lakini fundi mwingine hatukuwa naye. Akaja na begi lake la spana, akakunja mkono mmoja wa shati, akakunja na wa pili. Akafungua bakuli, akalegeza pete, akalitoa jiwe la kuzunguka, akaliweka mezani juu ya gazeti. Uso wa jiwe, ambao hukwaruza ukiupapasa kwa kiganja, ulikuwa unang'aa kama kigae. Ukingoni lilikuwa limepukutika kidogo.

Taratibu akauliza ni nani aliyekaza.

"Mimi," akasema Mama.

"Mimi," akasema Shangazi.

Akauliza tena, akidhani hakuuliza vizuri. Wakamjibu vilevile. Akaamua kuendelea na jiwe.

Alilipapasa, akaligonga kwa kucha, akalisogeza sikioni. Akasema linachongeka. Mifereji yake ya kusagia imezibwa na imeungua juujuu, lakini jiwe lenyewe ni zima, na pale lilipopukutika anaweza kusawazisha. Akaipapasa mashine ubavuni, akasema kwa sauti ya mtu anayejitolea kubeba mzigo wa wengine, "Au kama imewachosha, naichukua hivihivi ilivyo. Msihangaike."

Mama na Shangazi walimtazama. Nilikuwa sijawahi kuwaona wakitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja.

"Chonga," akasema Shangazi.

"Chonga, baba," akasema Mama, maana yeye ana adabu zaidi.

Taratibu akachonga. Ni lazima niseme ukweli juu yake: alitaka mashine, na angeweza kusema jiwe limekufa, na sisi tungeamini. Hakusema. Alitoa patasi na nyundo ndogo akafuata mfereji mmoja baada ya mwingine, kutoka katikati hadi ukingoni, akipuliza vumbi kila baada ya pigo, kama vile anamchonga nyusi bibi harusi. Mama na Shangazi wakaanza kusafisha. Walipangusa shingo ya mashine, wakachokoa mfereji kwa kijiti kilichozungushiwa kitambaa, wakakagua mkanda na kuugeuza. Vitambaa vilipita mkono kwa mkono, na mara mbili niliona mmoja akinyoosha kiganja na mwingine akiweka ndani yake kitu sahihi. Jua lilikuwa limepanda. Nilikuwa nachungulia mlangoni kila nilipokoroga karai, nikiombea Bi Skonzi apatwe na wageni.

Jiwe liliporudi mahali pake tulisaga konzi nzima ya karanga na kuitupa, kwa ajili ya vumbi la jiwe. Tukasaga nyingine na kuitupa. Taratibu akauliza kama zile zinaliwa na kuku. Hazikuwa zinaliwa na kuku. Ilipotoka siagi safi, isiyokwaruza jino, akaanza kufunga begi lake na kutupatia habari mbaya kama mtu anayeaga.

"Pete yenu sasa sijui iko wapi. Jiwe limepungua. Ile mivuto yenu muisahau."

Mama alikuwa ameshashika nondo. Akaishusha.

Taratibu akatuonyesha jinsi inavyotakiwa kufanywa, na nikaona nyuso za mawifi zikikumbuka kwamba marehemu alifanya hivyohivyo zamani, kabla ya mpini kuvunjika, kabla ya rangi ya kijani. Unazungusha jiwe kwa mkono, umeme ukiwa umezimwa, huku unakaza pete hadi usikie mawe yananong'onezana. Hapo unarudi nyuma kidogo. Unamimina karanga, unawasha, ndipo unakaza taratibu ikiwa inasaga, huku mtu mwingine akiwa kwenye mfereji anapokea siagi na kuisugua kati ya vidole. Mtu wa nondo haoni siagi. Mtu wa siagi hafikii nondo. Ni kazi ya watu wawili.

Waliniangalia mimi. Nilikuwa na karai la karanga motoni lililokuwa limeanza kubadilika rangi, na namshukuru Mungu kwa karai lile hadi leo. Nikasema siwezi kuliacha. Nikarudi jikoni, nikasimama mahali ambapo niliweza kuona.

Mama alichukua nondo kwa sababu alikuwa karibu nayo. Shangazi akainama kwenye mfereji. Mota ikaanza kunguruma, ngurumo yake ya zamani, nzito na ya kushiba.

"Kaza," akasema Shangazi.

"Nimekaza."

"Kidogo tena."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama unamfunga mtoto kifungo cha shingoni."

Mama akakaza kiasi hicho. Sijui alikipimaje, lakini niliona nondo ikisogea upana wa kidole.

"Bado ina chenga?"

"Ina chenga."

"Unasema hivyo kwa sababu unazipenda."

"Nasema hivyo kwa sababu ziko kidoleni kwangu, wifi. Njoo uziamkie."

Bi Skonzi alikuwa ameingia. Alikuwa na bomba lake kwenye mfuko na skonzi kadhaa kwenye trei iliyofunikwa kitambaa cheupe. Alitaka kusema kitu, akamwona Taratibu kaweka kidole mdomoni, akanyamaza. Wakasimama pamoja ukutani kama watu waliofika katikati ya ibada.

"Kaza. Haya. Hapo. Usiguse."

"Sijagusa."

"Umepumua, ikasogea."

"Sasa nisipumue?"

"Pumua upande wa pili."

Mama aliiachia nondo, akaja kwenye mfereji, akachovya kidole. Akasugua kwa gumba. Akaweka ulimini, akafunga macho. Siagi ilikuwa inashuka kwenye ndoo bila kukatika, nene, rangi ya udongo uliolowa, inajikunja juu ya yenyewe na kutoweka.

"Imefika," akasema Mama.

"Ilifika zamani," akasema Shangazi. "Nilikuwa nasubiri uje uone."

Bi Skonzi hakupongeza mtu. Alikinga bomba lake mferejini, akalijaza, akafunga mfuniko, akachukua skonzi, akaichoma, akakandamiza. Tukasikia mlio mdogo wa hewa. Kisha skonzi ikavimba kidogo, kistaarabu, kama shavu la mtu anayeficha pipi. Akachukua ya pili. Ya tatu. Akamaliza trei. Akalifungua bomba na kuuchungulia mdomo wake kwenye mwanga wa dirisha, jicho moja limefumbwa. Ulikuwa wazi. Akasema ndoo ya kwanza anaitaka kesho.

Mambo yangeishia hapo, lakini mteja mmoja wa siku zote, mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, aliingia na kopo lake tupu. Jua lilikuwa limeshapita utosini, kwa hiyo akaomba ya mchana, yenye chenga. Shangazi akaiangalia pete. Mama akaiangalia pete. Kuivuta kushoto kulimaanisha kuipoteza tena.

Bi Skonzi alikuwa anafunika trei yake. Akasema bila kugeuka, "Wenye kutaka chenga si mnawakatia karanga kwa kisu, mnachanganya kwenye hiyohiyo laini? Kila mtu ndivyo anavyofanya."

Taratibu aliacha kufunga begi. Mimi niliacha kukoroga. Unaweza kuishi ndani ya jambo kwa miaka bila kujua kwamba dawa yake iko kwenye droo ya vijiko. Niliwatazama mawifi wawili, nikasubiri mmoja aangue kilio au kicheko.

"Hiyo si siagi," akasema Shangazi. "Hiyo ni siagi iliyomwagikiwa na karanga."

"Wifi amesema kweli," akasema Mama.

Bi Skonzi akainua mabega, akaondoka na trei yake. Mwalimu akachukua laini, akasema ataizoea, kwa sauti ya mtu asiyekusudia.

Kabla Taratibu hajaondoka, Mama alimwomba atie alama kwenye pete na kwenye shingo ya mashine, ili mahali pale pasipotee. Hakuwa na rangi nyingine ila kijani. Shangazi akaingiza mkono kwenye pochi yake akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akachora mstari mmoja mwenyewe. Taratibu akaupuliza ukauke. Akaipapasa mashine mara ya mwisho, akauliza kama haijatuchosha. Mama akamwambia aende akawasalimie kuku.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Ndoo inakwenda kwa Bi Skonzi kila siku, na maduka ya barabarani yameanza kurudi moja moja, yakijifanya hayakuwahi kuondoka. Shangazi hakukubali kamwe habari ya kisu. Lakini mchana, kazi ikitulia, ananitoa jikoni na kujifungia, na kutoka ndani husikika mlio wa kisu kinachopiga kwenye ubao, haraka haraka. Baadaye yanatokea makopo yenye chenga, na mwalimu hununua mawili. Hakuna anayeuliza. Wiki iliyopita Mama alirudi sokoni na kibao kipya cha kukatia, kikubwa, chenye mpini. Akakiacha juu ya meza ya jikoni, akaenda zake.

Nondo bado ipo, imening'inizwa ukutani kwenye msumari. Kila asubuhi Mama huitoa na kuichomeka tunduni, ingawa mstari mwekundu upo mbele ya macho yake na unaonekana hata ukiwa mlangoni. Kisha hageuki kwangu. Anaelekeza sauti kwa Shangazi, ambaye siku hizi hufika asubuhi akidai usingizi wa uzeeni ni mfupi.

"Wifi. Umeikaza?"

"Sijaigusa."

"Haya."

Hapo ndipo anawasha.